Wimbo Uliohesabiwa Mbuzi

Emérence alikuwa ameshapanda. Alikalia gunia la chumvi juu kabisa, mtoto mgongoni, godoro limefungwa kwa kamba pembeni yake, na kamioni ilikuwa inanguruma pale barabara ya Kavumu inapoachana na njia ya Bagira. Déogratias, mume wake, alifika akikimbia na viatu vya ofisi, abacost, suti yake ya kazini, imelowa jasho mgongoni. Karani mzima wa serikali anakimbia saa ya kazi, mbele ya watu wanaomjua.

"Mama Colette, shuka. Tuzungumuze ku nyumba."

"Nyumba gani? Ile ya Cibalonza?"

Watu juu ya magunia walicheka. Mama mmoja mwenye kapu la ndizi aliinama kumtazama vizuri. "Kumbe njo huyu," alisema. "Njo huyu wa Cibalonza. Miye nilizania ni mutu murefu."

"Ku redio banakuwaka barefu bote," mwingine akajibu, wakacheka tena, ingawa Déogratias hajawahi kupita kwenye redio hata siku moja.

Dereva alitoa kichwa dirishani akaanza kupiga mluzi. Ulikuwa wimbo wenyewe, ile sehemu ambayo kila mtu huitikia. Mama wa ndizi akaitikia kwa sauti ya kanisani: Cibalonza, fungua, mvua iko nyuma yangu. Emérence alitazama mbele, upande wa Miti, kana kwamba mlima ule hajauona tangu azaliwe.

"Ni jina tu," Déogratias alisema kwa sauti ya chini. "Niliku nakueleza mara ngapi?"

"Kama ni jina tu, basi weka yangu."

"Yako iko imekatazwa, na unajua."

"Najua. Siku utaiimba mbele ya batu, nitashuka mulima na godoro yangu. Kama hapana, niache niende kwa baba."

Konvoyeri, utingo wa kamioni, aligonga bati mara mbili. Kamioni iliondoka, na Déogratias alibaki kwenye moshi akiwa ameshika ncha ya kamba iliyokuwa inaning'inia. Ilimponyoka yenyewe.

.

Wimbo ule aliutunga mwaka wa 1967, akiwa kijana asiye na kitu ila gitaa kavu lenye nyuzi za waya wa breki ya baiskeli. Aliupiga Miti, kwenye ua wa Muzee Polycarpe, baba yake Emérence, wiki nzima kabla ya mazungumzo ya mahari. Siku ya mazungumzo, upande wa Déogratias ulifika na ng'ombe wawili na mbuzi wanne. Walipaswa kuleta mbuzi watano. Wajomba walianza kukohoa na kutazamana. Muzee Polycarpe akawanyamazisha kwa mkono, akasema mbuzi wa tano ameshamsikia kila jioni nyuma ya nyumba, na amenona. Watu walicheka, kasiksi, pombe ya ndizi, ikazunguka, na hesabu ikafungwa. Tangu siku ile Emérence alikuwa na kitu ambacho dada zake hawakuwa nacho. Wao waliolewa kwa wanyama tu.

Baadaye Déogratias alipata kazi ofisini, wakapewa nyumba ya vyumba viwili Kasha, na siku ya Dominika, baada ya misa, alipiga gitaa la umeme katika baa ya Papa Honoré kule Bagira. Orkesta yao iliitwa Nguba Succès, na hakuna hata mmoja aliyekula kwa muziki. Emile wa tumba alikuwa fundi viatu. Mpiga besi alikuwa muuguzi. Jumatano walifanya mazoezi, Dominika walipiga tangu saa nane mpaka jua kuzama, na mtu yeyote aliyejisikia aliweza kuomba kupanda jukwaani nyimbo mbili, mradi asikate waya. Gitaa, vipaza sauti, tumba, hata kile kitambaa cha kupangusia jasho, vyote vilikuwa mali ya Papa Honoré. Mwanamuziki aliondoka na vidole vyake tu.

Halafu serikali ikakataza majina ya kizungu. Ofisini walimpa Déogratias meza pana na kalamu mpya ili aandike majina ya Kizaire. Watu walipanga mstari mpaka nje. Waliokosa jina aliwatafutia. Jina la mke wake alilijaza mwenyewe saa ya kula, bila kumuuliza: Nsimire, jina la nyanya ya mke. Yeye mwenyewe aliandikwa Cirhuza, lakini mtaani waliendelea kumwita Déo, na nyumbani Papa Colette, kwa kuwa majina ya ndani ya nyumba hayakuwa na askari.

Jumatano iliyofuata wanamuziki walikaa kurekebisha nyimbo. Majina ya jukwaani, hayo yalikuwa na askari. Vijana wa chama tawala walikunywa pale pale.

"Emérence hatuwezi tena," Papa Honoré alisema. "Tafuta ingine."

Déogratias alijaribu Nsimire. Lilipungua. Wimbo ulitaka jina la mapigo manne, na Nsimire lilikuwa na matatu. Gitaa lilibaki linangoja. Emile, mikono juu ya tumba, alitazama dirishani. Nje, mjane mmoja aliyeuza brosheti, mishikaki ya nyama, mlangoni pa baa alikuwa anapepea makaa.

"Cibalonza," Emile akasema. "Ci-ba-lo-nza. Angalia vile inaingia."

Ikaingia. Wakaendelea na wimbo mwingine. Ilikuwa kazi ya dakika moja.

Kwa Emérence ilikuwa kazi ya miezi kumi na minne. Kwenye bomba la maji walimsalimia, Mama Cibalonza, hujambo, halafu wakajifunika mdomo. Mwanamke mmoja alimuuliza kwa upole kama wamegawana siku. Alivumilia. Lakini asubuhi moja Colette, binti yake wa miaka mitano, alikuwa ameinama anasugua sufuria, na huku anasugua akaimba: Cibalonza, fungua. Emérence alimwambia aimbe vizuri. Mtoto alimwangalia bila kuelewa. "Njo vizuri, maman," alisema. Hakuwahi kuujua mwingine. Kesho yake Emérence alimwacha Colette kwa sababu ya shule, akafunga godoro.

.

Dominika ya kwanza bila mke, Déogratias alifika baa mapema. Cibalonza alikuwa tayari mlangoni, anachoma. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mnene kidogo, kikwembe kimoja cha kazi na kimoja cha Dominika. Mume wake alikufa kwenye machimbo ya dhahabu kule Kamituga, na nyumba ya mume ilimfukuza kwa kuwa hakuzaa.

"Bibi yako amekwenda," alisema kabla hajasalimiwa. "Banasema ni juu yangu."

"Si juu yako, mama. Ni juu ya wimbo."

"Ile wimbo najua haiko yangu." Aligeuza vijiti kimoja kimoja. "Niliku nasikia vile unaiimbaka zamani, na jina ya bibi yako. Miye si mujinga, Papa Colette. Lakini tangu nizaliwe, jina yangu niliisikia tu banaita: Cibalonza, leta maji. Cibalonza, lipa. Sasa Dominika batu mia mbili banasema Cibalonza, fungua. Banasema na furaha. Nitakwambia nini? Nitakwambia uitoe? Sitasema. Utoe mwenyewe."

Alimpa brosheti mbili. Déogratias alitaka kulipa. Mkono wa mama ulimsukuma.

Ndani, Papa Honoré alikuwa anahesabu masanduku ya bia. Hakugeuka.

"Patron, nataka tuache ile wimbo."

"Ipi?"

"Unajua ipi."

"Kila Dominika, ile wimbo ikianza, masanduku nne inatoka. Nyimbo ingine, moja. Weye karani, unajuaka kuhesabu."

"Bibi yangu amerudi kwa baba yake."

"Bibi yangu pia alirudiaka kwa baba yake. Akachoka kule, akakuja." Papa Honoré alinyoosha mgongo. "Gitaa ni ya nani?"

Déogratias alitazama gitaa.

"Nakuuliza, Déo. Juu ya nini unanyamaza? Gitaa ni ya nani?"

"Ni yako, patron."

"Basi saa nane."

Saa nane alipiga. Aliimba Cibalonza, na watu mia mbili waliitikia. Alipofika kwenye sehemu ya gitaa peke yake, vidole vilikwenda vizuri kuliko siku zote, na jambo hilo lilimtia aibu. Jioni alimpikia Colette ugali wa foufou wenye mabonge. Mtoto alikula, halafu akauliza kama maman atarudi kabla ya fête ya shule, na Déogratias akasema ndiyo, kwa kuwa hakujua jibu lingine.

.

Wiki tatu aliwaza. Aliongea na Emile wakati Emile anapigilia soli, na Emile, ambaye alijiona ndiye aliyeanzisha balaa, alipata wazo.

"Sikia. Baba-mukwe yako alisamehe mbuzi moja juu ya wimbo. Ni vile?"

"Ni vile."

"Sasa wimbo imeenda. Muzee anajisikia ameibiwa, na bibi yako anajisikia muzigo ya bure. Peleka mbuzi. Umalize mahari sawasawa. Kila mutu atanyamaza."

Déogratias aliliona wazo hilo kuwa safi kama karatasi ya ofisi. Aliuza saa yake ya mkono na baiskeli, akanunua mbuzi jike, mweupe, mwenye doa jeusi shingoni, akapanda naye kamioni Jumamosi asubuhi. Mbuzi alimkojolea suruali kabla hawajafika hata nusu ya njia.

Muzee Polycarpe alimpokea uani, akampa kiti, akamtazama mbuzi muda mrefu. Emérence alitoka jikoni na mtoto kiunoni. Alikuwa amekonda. Alipomwona mume wake alijipangusa mikono haraka, na uso wake ulifunguka. Déogratias aliuona ukifunguka, na usiku wa siku nyingi baadaye aliukumbuka. Kisha Emérence akaona kamba.

"Hii mbuzi ni ya nini?" aliuliza.

Déogratias alisimama, akaanza hotuba aliyoitayarisha njiani. "Baba, mwaka ule nilikosa mbuzi ya tano. Baba alinisamehe juu ya wimbo. Leo naileta, deni iishe, pasiwe na neno kati yetu."

Kuku alipita. Muzee Polycarpe alikuna goti.

"Unailipa wimbo," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Nikipokea mbuzi, wimbo inatoka kwa binti yangu. Inakuwa yako ya bure. Unaweza kuipa mwanamuke unapenda."

"Hapana, baba, haiko ile—"

"Ni ile. Miye sikusoma, lakini mahari najua. Kitu kikirudishwa, kile kilikaa pahali pake kinatoka."

Emérence hakupiga kelele. Alikaa chini mlangoni, akamweka mtoto mapajani. "Amekuja kuninunua kutoka mu wimbo," alimwambia baba yake, kama vile Déogratias hayupo. "Angalia mukono, ameuza hata saa yake. Njo vile alitaka sana."

"Mama Colette, nitaweka Nsimire. Nitaivuta. Naweza kuivuta, nilijaribu, Nsimi-i-re, inafika."

"Nsimire ni jina uliniandika saa ya kula. Uliniuliza? Uliandika kama unaandika gunia." Sauti yake ilishuka. "Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nalala mu chumba ile pale. Uliku unaniita Emérence, nyuma ya ukuta, na mvua kweli ilikuwa inanyesha, nilikuwa nasikia meno yako inagongana. Sikufungua juu ya baba. Nilifungua mu roho. Ile njo nilileta Kasha. Sufuria zilikuwa za shangazi."

Muzee Polycarpe alikwenda kutazama migomba yake, ambayo haikuhitaji kutazamwa.

Waliobaki hawakusema kitu kipya. Déogratias aliombwa kula, akala maharagi. Alimbeba mtoto kidogo. Saa tisa alipanda kamioni kurudi, mbuzi miguuni, na dereva akamlipisha nauli ya watu wawili.

.

Dominika iliyofuata hakumwambia mtu. Aliwapigia nyimbo saba, mmoja baada ya mwingine. Kijana wa Kadutu aliomba kupanda, akaimba mbili vibaya, akashangiliwa kwa kuwa alikuwa na marafiki wengi. Meza ya mbele walikaa vijana watatu wa chama wenye beji kifuani, na pamoja nao naibu wa mkuu wa ofisi, ambaye kila asubuhi alipita karibu na meza ya Déogratias akikagua kalamu. Papa Honoré alionyesha vidole vinne kutoka kaunta: masanduku manne, anza.

Déogratias alianza. Ubeti wa kwanza hauna jina. Emile alimtazama na kutabasamu kama kawaida. Nje moshi wa nyama ulikuwa unaingia mlangoni. Walifika kwenye kiitikio, na Déogratias akasogelea maikrofoni.

"Emérence, fungua, mvua iko nyuma yangu."

Watu mia mbili waliitikia Cibalonza, kwa mazoea, na majina mawili yaligongana hewani. Wacheza dansi waliendelea. Akaimba tena, kwa nguvu zaidi, na safari hii walimsikia. Sauti zilipungua meza kwa meza. Kwenye mara ya tatu aliimba peke yake. Emile aliinamisha kichwa lakini hakuacha kupiga. Naibu wa mkuu aliweka glasi chini taratibu, akamwambia kitu kijana aliye kulia kwake, na kijana akatoa karatasi.

Papa Honoré alichomoa waya.

Gitaa la umeme bila umeme lina sauti ya mtu anayekuna mkeka. Déogratias aliendelea mpaka mwisho wa wimbo, ubeti wa pili, wa tatu, kiitikio kila mara. Meza mbili za mbele ndizo zilizosikia, na mlango. Mlangoni Cibalonza alikuwa amesimama, mkono na pepeo umekaa juu. Nyama iliungua, naye hakuigeuza.

Alipomaliza aliweka gitaa kwenye kiti chake, akapangusa shingo yake kwa kitambaa cha Papa Honoré, akashuka.

"Ulilewa?" naibu wa mkuu alimuuliza pale chini, karibu kwa huruma. "Sema ulilewa, tutaandika vile."

"Sikunywa."

"Cirhuza, weye njo unaandikaka majina ya batu. Sema ulisahau."

"Sikusahau," Déogratias alisema.

Alilala siku nne ndani, kwenye simenti. Alipotoka, meza pana ilikuwa na mtu mwingine.

Habari ilifika Miti siku ya kumi, mdomoni mwa Bibiane, jirani wa Kasha aliyekwenda kununua maharagi. Alimkuta Emérence anapepeta mtama.

"Pole, mama. Banasema bwana yako alichanganyikiwa. Alisahau maneno ya wimbo mbele ya bakubwa. Kazi imetoka."

Emérence aliacha ungo. "Alisahau namna gani?"

"Aliweka jina ingine. Ya kizungu."

"Jina gani?"

"Sikuwa pale. Sijui. Banasema ni ya zamani zamani."

"Emérence?"

"Inaweza kuwa ile," Bibiane alisema, maana miaka yote alimjua kama Mama Colette. "Juu ya nini unalia? Kazi atapata ingine."

Emérence aliingia ndani kutafuta kamba ya godoro.

.

Alirudi Kasha Jumatatu. Déogratias hakupata kazi ya ofisi tena. Alipima magunia ya kahawa kwa mfanyabiashara mmoja wa Muhumba, halafu akawa mlinzi, na kwa miaka mitatu Emérence ndiye aliyelisha nyumba kwa kuuza makaa. Mara kwa mara waligombana, hasa kwa sababu ya karo. Hakuna aliyemrudishia mwenzake neno juu ya wimbo.

Mbuzi mweupe aliuzwa mwezi ule ule kumlipia Colette shule. Colette alisomea uuguzi, akaolewa Uvira.

Papa Honoré alimtafuta mpiga gitaa mwingine, kisha akapewa duka la Mgiriki wakati wa zairianisation, serikali ilipogawa maduka ya wageni, akalimaliza kwa mwaka mmoja na nusu. Vyombo vya muziki viliuzwa ng'ambo, Cyangugu. Nguba Succès haikupiga tena. Emile aliendelea na viatu mpaka macho yalipokataa.

Muzee Polycarpe alikufa mwaka wa 1979.

Cibalonza alikufa mwaka wa 1984, tumbo. Hakuwa na ndugu mjini, kwa hiyo majirani walikesha naye. Kuna aliyeanzisha wimbo, na waliokuwapo waliuimba wote na jina lake, jinsi walivyolijua. Emérence alikuwa amekaa kwenye mkeka pamoja na wanawake. Aliitikia pamoja nao, kila mara, mpaka mwisho.

Déogratias alifuata mwaka wa 1988, ini. Hakunywa sana, ilikuwa ini tu.

Mwaka wa 1990 majina yaliruhusiwa tena. Emérence alipanga mstari ofisini siku mbili. Karani, kijana asiyemjua, alimuuliza aandike jina gani, Emérence au Nsimire. Akasema aandike yote mawili.